Nukta Nyekundu Juu ya Buluu

Vijana wangu wa dukani,

Siku mliyoniaga kwa keki na soda, mmoja wenu aliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani, enzi za kaseti za gemu. Nilicheka nikasema hakuna cha kuandika. Tangu hapo nimekaa nyumbani wiki tatu nikitazama kuta, na kuta zangu hazina hadithi yoyote, kwa hiyo nimechukua kalamu. Vyeo sitavitaja, mlivisoma kila siku kwenye mlango wa ofisi. Nitawaeleza miaka yangu ya kwanza, mtu aliyenifundisha kazi, na kosa nililomfanyia. Mmekuwa mkiulizana kwa nini mimi, Mama Nekesa wenu, nilikuwa mkali namna ile mtu akifutafuta daftari la marejesho. Jibu liko humu.

Miaka ya tisini duka letu lilikuwa ukingoni mwa Pumwani, upande wa Majengo. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta na rafu. Cha nyuma kilikuwa na meza ndefu, televisheni mbili na mashine za kuchezea gemu, nyaya zimetambaa kila mahali. Mwenye duka alikuwa Bi Mwanaisha, mjane aliyezaliwa mtaa huohuo, ambaye kabla ya hapo aliuza vitambaa na bado alishika kaseti kana kwamba anapima hariri. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza gemu hata moja. Tuliuza mashine na kaseti mpya, lakini kilicholeta watu ni kubadilishana: unaleta kaseti uliyoichoka, unaondoka na nyingine. Watu walikuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, wengine kutoka Lucky Summer, kaseti imefungwa kwenye leso au gazeti. Na hapo ndipo penye taabu, maana kaseti ya kubadilishana imepita mikono usiyoijua, mingine imetoka kula chipsi sasa hivi.

Siku yangu ya kwanza nilipewa kaseti niijaribu. Nikaitoa kwenye boksi, nikaipuliza kwenye meno yake, ile safu ya shaba inayoingia mashineni, kwa nguvu zangu zote, kama Nairobi nzima ilivyokuwa inafanya. Mzee aliyekuwa ameketi mezani akanyoosha mkono, akaichukua.

"Umepiga mswaki leo?" akaniuliza.

"Nimepiga."

"Hata kama. Hayo ni mate. Mate ni maji, na maji ni kutu. Kwa hii meza hakuna mtu anapuliza kitu, hata chai."

Niliona kama ananitania. Saa nne chai ilipoletwa, ya moto kabisa, nikamwona amekaa mbele ya kikombe chake amekunja mikono, anangoja ipoe yenyewe. Nikakunja mikono na mimi.

Huyo ndiye Baba Akinyi, mtu wa Siaya. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha vyakula vya mikebe kule Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kugonga mikebe kwa kijiti cha chuma na kusikiliza. Mkebe mzima unalia, mbovu unanung'unika. Kitengo chake kilipofungwa, Bi Mwanaisha, aliyekuwa mama mwenye nyumba wake, alimwambia aje amwangalizie kaseti, kwani wateja walikuwa wanamrudishia nusu ya alizouza na kumwita majina. Baba Akinyi alikuja na kijiti chake. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka Mumias kwa shangazi, nimemaliza kidato cha nne, najua kuandika vizuri na si mengi zaidi.

Kazi aliyoipanga ilikuwa hivi. Kaseti ikiingia, kwanza inatikiswa na kugongwa kidogo, usikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Pili, meno yake yanasuguliwa kwa pamba na spiriti hadi pamba itoke nyeupe. Tatu, inachezwa mpaka steji ya tatu, maana kaseti nyingi mbovu ni waungwana steji ya kwanza. Nne, inaachwa mashineni saa nzima adhuhuri, chini ya mabati yanapochoma, kwa sababu kuna zinazofanya kazi asubuhi na kufa zikipata joto, na mteja hachezi kwenye friji. Stima ikipotea, na ilikuwa inapotea, tulianza upya. Bi Mwanaisha alilalamika kwamba tunacheza badala ya kufanya kazi. Jaribuni nyinyi kucheza gemu moja mara arobaini kwa wiki, mkiandika, halafu mniambie kama huo ni mchezo.

Kaseti ikipita yote hayo ilitiwa nukta ya rangi ya kucha nyuma, chini ya karatasi ya jina. Yake ilikuwa buluu, yangu nyekundu. Yeye alipaka kwa njiti ya kiberiti, nukta ikabaki nene kama tembe. Mimi nilipaka kwa brashi ya chupa yenyewe, bapa. Mwenye kaseti yenye nukta aliweza kuirudisha ndani ya wiki moja akapewa nyingine bila maneno. Mtaani mtu akitaka kununua kaseti kwa mwenzake aliuliza kwanza, "Iko na nukta?" Haukupita muda kukawa na maduka mengine yanayopaka nukta, tena mbili au tatu kwa kaseti moja, kwa imani kwamba zikizidi ndiyo ubora. Baba Akinyi aliletewa moja yenye nukta tano akasema hiyo si kaseti, ni ndui.

Iliyorudishwa iliandikwa kwenye daftari la marejesho: siku, jina la gemu, ubovu wake, na rangi ya nukta. Mwandishi nilikuwa mimi. Kaseti yenyewe iliwekwa kwenye droo, ili mwisho wa mwezi Bi Mwanaisha alinganishe droo na daftari. Na sheria ilikuwa moja, Baba Akinyi aliitunga mwenyewe na kuibandika ukutani: nukta ya mtu ikirudi mara tatu katika mwezi mmoja, anatoka mezani. Nilimuuliza kama si kali mno. Akasema kiwandani mkebe mmoja mbovu unalaza familia nzima hospitali, kwa hiyo ameshailegeza.

Miaka miwili tulikaa hivyo, na sijawahi kuipata tena raha ile. Nimefanya kazi baadaye katika maduka yenye vigae na mashine ya kupoza hewa, lakini nikifunga macho ninachokisikia ni ule muziki wa kaseti ikiwaka, redio ya jirani, adhana kutoka msikitini, na Baba Akinyi akisema "Sikiza hiyo" kwa sauti ya mtu aliyeonja kitu kitamu. Harufu ya spiriti hadi leo inanipa njaa, kwa kuwa Bi Mwanaisha alikuwa akituletea mahamri wakati uleule tunaposugua.

Mwaka wa tatu, mwezi mmoja wa mvua, zilirudi mbili za buluu. Moja ilikuwa na maandishi yaliyovurugika, nyingine rangi zake zote zilikuwa kijani, hadi watu. Niliziandika kama kawaida. Baba Akinyi alizitia kwenye droo mwenyewe. Mimi nikaanza kumwangalia, na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu muda wote: wakati wa kujaribu, hakuwa anaitazama televisheni. Alikuwa anaigeuzia sikio. Vidole vilicheza, uso ulielekea mlangoni. Na alipomimina spiriti, alikuwa anaweka kidole cha kwanza kwenye ukingo wa kifuniko ili ajue kimejaa.

Wiki hiyohiyo akaingia kinyozi mmoja wa Lucky Summer, jina lake Mutiso. Alikuwa na mashine ya gemu kwenye kibanda chake cha kunyolea, wateja wanacheza wakingoja kunyolewa. Siku hiyo Baba Akinyi alikuwa ametoka kutafuta pamba.

"Sasa, madam," Mutiso akasema, akaweka kaseti ya kandanda kaunta. "Mliniuzia mpira haina mpira."

"Haina mpira vipi?"

"Weka uone. Wachezaji wako, refa yuko, watu wanashangilia. Mpira ndio hakuna. Wasee wangu wanakimbia tu. Jana wawili karibu wapigane juu ya goli hakuna mtu aliona."

Niliiweka. Ilikuwa kweli. Firimbi ililia, teke likasikika, umati ukanguruma, goli likaingia na kuandikwa. Sauti zote zilikuwa safi kabisa. Uwanjani hapakuwa na mpira.

Nilimpa Mutiso nyingine akaenda. Nikaigeuza ile aliyorudisha, nikaona nukta nene ya buluu. Ya tatu. Nilibaki nimeishika, daftari liko wazi mbele yangu. Niliijua ile sheria ukutani, na nilimjua aliyeitunga, kwamba hangekubali hata kidogo ilegezwe kwa ajili yake. Akitoka mezani angekwenda wapi? Umri wake, macho yale, na binti yake Akinyi bado yuko chuo cha ualimu. Kusema kweli sikumfikiria Akinyi. Nilifikiria ile meza bila yeye, nikashindwa. Nikafungua chupa yangu, nikapaka nyekundu juu ya buluu. Daftarini nikaandika: mpira hauonekani, nukta nyekundu. Mwandiko wangu siku hiyo ulitoka mzuri sana.

Tangu hapo nikawa nafika kabla yake, nazijaribu upya kaseti zote alizopitisha jana. Mbovu nilizitoa. Lakini asubuhi ilikuwa fupi, stima haikutabirika, na nyingine zikapita. Kila iliyorudi niliipaka nyekundu, nikaandika nyekundu, na kwa bahati hazikufika tatu kwa mwezi mmoja. Bi Mwanaisha alinionya niache kuota ndoto za mchana. Mwisho wa mwezi uliofuata aliposoma daftari kwa sauti, "Buluu, hakuna," Baba Akinyi aliketi wima zaidi, akaagiza mahamri mawili. Na mimi nilifurahi. Naliandika hili ili mjue: nilifurahi, nikajiona mtu mwema.

Ilipita miezi minne. Droo ikajaa, na desturi ilikuwa droo ikijaa Baba Akinyi anazifungua kaseti mbovu atoe vipuri. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nilikuwa napanga rafu niliposikia bisibisi imewekwa chini.

"Nekesa. Kuja hapa." Nikaenda. Alikuwa ameishika ile ya kandanda, kidole gumba kinapita nyuma yake, polepole, kinarudi. "Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yako huwa bapa. Hii ni bapa juu ya tembe." Akaiweka, akachukua nyingine, akaipapasa. Akachukua ya tatu. "Ziko ngapi?"

"Saba."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akafuata rafu kwa mkono hadi chumba cha mbele. Nikamsikia akimwambia Bi Mwanaisha, "Mama, mimi nimetoka mezani. Nilitakiwa nitoke tangu ile mvua."

Bi Mwanaisha alituketisha wote wawili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Alimtazama Baba Akinyi, akanyoosha vidole mbele ya uso wake, upande huu na upande huu. "Haya, bwana, hivi vidole vyangu umeviona?" Baba Akinyi akasema ameona mkono. Kesho yake asubuhi duka lilifungwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona siku ya kazi, tukampeleka kwa daktari wa macho. Bi Mwanaisha alibeba lile daftari kwenye kikapu.

Daktari alimpima muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, wanachoweza ni kujaribu kuilinda iliyobaki. Akauliza shida ilianza lini hasa, na iliongezeka kwa kasi gani. Baba Akinyi hakuwa na hakika. Bi Mwanaisha akatoa daftari, akavaa miwani.

"Sisi tuna kumbukumbu, daktari. Kaseti zilizomponyoka zimeandikwa." Akapekua. "Hapa, mwezi wa mvua, mbili. Mwezi uliofuata, hakuna. Huu hakuna. Huu nao hakuna. Na huu hakuna." Akanyanyua uso. "Basi macho yalikuwa mazima hadi juzi?"

Nikasema hapana. Nikawaeleza yote, nimesimama, mbele ya daktari ambaye hakujua kaseti ni nini na hizo nukta ni za nini. Aliandika kitu kwenye faili lake. Akasema tu kwamba miezi minne ni mingi kwa ugonjwa huu.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la ukumbini tukingoja dawa. Nilimwomba Baba Akinyi msamaha.

"Mimi nilijua macho yangu yako na shida, Nekesa," akasema. "Hakuna mtu haoni na hajui. Ile ya tatu ikirudi, nilikuwa nimeamua nitaenda kwa daktari. Nikangoja. Halafu mwezi ukaisha bila ya tatu. Mwezi wa pili Mama akasoma, buluu hakuna. Mwezi mwingine, buluu hakuna. Nikajiambia basi yamepona."

Alikuwa ameliamini daftari kuliko macho yake mwenyewe, kwa sababu aliyeliandika nilikuwa mimi, na mimi alinifundisha yeye.

Akaongeza jambo moja tu, dawa zilipoitwa. "Lile daftari si la kutafuta mtu. Ni la kutafuta shida iko wapi."

Nilitegemea nifukuzwe. Bi Mwanaisha aliniweka wiki mbili kufagia na kupokea wateja, nisishike kalamu. Kisha akatuita. "Mngeniambia siku ile ya kwanza," akasema, "ningewaketisha pamoja, wewe macho, yeye masikio. Meza yangu ni pana. Mlidhani nini, kwamba nitamtupa mtu niliyekula naye miaka yote hii?" Akaibandua ile sheria ukutani. Akakunja karatasi mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Kwa hiyo tukajaribu wawili wawili. Mimi niliangalia kioo, yeye alisikiliza. Nikisema "picha safi" na yeye akisema "sauti safi", kaseti ilipata nukta mbili, nyekundu na buluu, bega kwa bega. Kwa ile yake ya buluu nilimshikia kaseti, akaweka njiti mahali ambapo kidole changu kilimwonyesha. Katika miezi ile haikurudi hata moja. Nikiulizwa wakati gani nilikuwa bora kazini, ni huo, na ulidumu kuanzia kiangazi hadi sikukuu za mwisho wa mwaka. Kisha Akinyi akapata shule ya kufundisha karibu na kwao, akaja kumchukua baba yake. Siku ya kuondoka mzee aliniachia chupa ya buluu na kijiti cha kugongea mikebe. Aliniaga kwa mkono, akaniita binti wa Mumias kwa Kijaluo: "Haya, nyar Mumias. Chai usipulize."

Nilimtembelea Siaya mara mbili. Mara ya pili alinitambua kwa hatua zangu mlangoni kabla sijabisha, akamwambia Akinyi aweke maji ya chai. Alipofariki nilipata habari wiki moja baada ya mazishi. Kaseti zikaja kuisha, zikaja sidii, zikaja hizi zenu zinazotoka hewani. Bi Mwanaisha alipofunga duka alinipa daftari. "Hili ni lako," akasema, na sikujua kama ni zawadi au ni adhabu. Nililiweka chini ya nguo.

Jana nimelitoa. Kurasa zimekuwa manjano, lakini mwandiko wangu mzuri bado unasomeka. Nilizitafuta zile saba, na sikuhitaji kutafuta sana. Kila moja nilipiga mstari juu ya neno nyekundu, mstari mmoja tu ili lililofutwa lionekane, kama nilivyokuwa nikiwalazimisha nyinyi, nikaandika pembeni: buluu. Nikatia tarehe ya jana na jina langu. Nilipomaliza ya saba wino ulikuwa bado mbichi na ukurasa unataka kufungwa. Nikainama niupulize. Nikakumbuka, nikakunja mikono, nikangoja ukauke wenyewe.